Plagi Tatu Kutoka Mjini

Sura ya Sita

Inspekta alihesabu matundu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kidole. Kumi na nane. Injini ya ile ndege kongwe ya kunyunyizia dawa mashambani ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya chuma katikati ya banda, silinda zake tisa zimezunguka duara kama spoki za gurudumu. Kila silinda ilikuwa na matundu mawili ya plagi, moja mbele na moja nyuma. Silinda za chini zilikuwa zimebondeka. Udongo wa shamba la pamba ulikuwa bado umekwama kwenye mapezi yake ya kupozea, na ndani ya udongo huo mbegu moja ilikuwa imeanza kuchipua.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu ndege ianguke, ikiwa na tangi lililojaa dawa na mtu mmoja, rubani. Rubani alizikwa siku ya tatu. Fundi alikamatwa siku ya nne, akaachiwa kwa dhamana siku ya sita. Kesho, Ijumaa, alitakiwa kusimama mbele ya hakimu kujibu kwa nini alimfungia mtu plagi zisizofaa akamwacha aruke nazo. Hakimu alisubiri ripoti moja tu, ya Inspekta.

Wenzake wa kitengo cha ajali walimwita Sindano, na si kwa wembamba wake pekee. Walisema hakuna aliyewahi kumkalia akastarehe.

"Kesi hii nyepesi kama pamba yenyewe," alisema Meneja wa kampuni ya ndege. Viatu vyake viling'aa kuliko kitu chochote ndani ya banda lile. Alimfungulia Inspekta kitabu cha kiwanda, akakigonga kwa kalamu. "Soma mwenyewe. Plagi namba inayoishia na saba. Sasa tazama hizi alizofunga mzee. Nane. Vitu vya kuokoteza!"

"Zote kumi na nane zinaishia na nane?"

"Zote."

"Na ndege imeruka nazo kwa muda gani?"

Meneja alifunga kitabu. "Hilo muulize mwenyewe."

"Miaka minne," ilisema sauti ya Fundi kutoka kwenye meza ya kazi. "Miaka minne, na haikuwahi kukohoa."

"Na siku ile ilifanya nini, mzee? Ilipiga chafya?" Meneja alidakia.

Hakuna aliyecheka. Juu, bati lililoanza kupata jua lililia mara moja, likanyamaza.

"Meneja," Inspekta alisema, "naomba kiti."

"Cha nini?"

"Ukakikalie ofisini kwako. Nikikuhitaji nitakuita."

Viatu vilitoka nje vikigonga saruji. Inspekta alisubiri mpaka mgongo wa Meneja ulipopotea nyuma ya mlango, kisha akageuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alikuwa amesimama kando ya meza yake ya kazi, mikono mifukoni. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imefuliwa mpaka imebaki na rangi ya maji. Nyuma yake, makabati mawili yalikuwa yamepangwa yakawa ukuta, na nyuma ya ukuta huo Inspekta aliona ncha ya kitanda cha mtu mmoja, ndoo, taa, na vikombe viwili vya bati vilivyotundikwa kwenye misumari. Kimoja kiling'aa. Kingine kilikuwa na vumbi.

"Unaishi hapa?"

"Tangu mke wangu afariki. Miaka sita sasa. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, nikawapisha wenye watoto."

"Na marehemu rubani alikuwa nani wako?"

"Shemeji. Mdogo wake mke wangu, wa tumbo moja." Alielekeza kidevu kwenye chupa ya chai na vikombe vya kazi vilivyokuwa mezani. "Jimiminie, mwanangu. Nimimine na mimi."

Inspekta alimimina. Alipofika nusu ya kikombe cha mzee, mzee alisema, "Basi, hapo hapo." Kikombe kilikaa mezani kikitoa mvuke. Mikono haikutoka mifukoni. Ni pale tu Inspekta alipoinamia trei ya plagi ndipo aliposikia bati likigusa meno, mara mbili, haraka.

Hakuinua kichwa.

Trei ilikuwa ya mbao, imetobolewa matundu kumi na nane, kila tundu limeandikwa namba ya silinda na herufi ya mbele au nyuma. Kila plagi ilikuwa imesimama mahali pake, kama watoto mstarini.

"Nieleze, Fundi. Hizi zote zilifungwa siku moja?"

"Hapana. Kumi na tano ni za siku nyingi. Tatu nilizibadilisha jioni ya kuamkia siku ile: nne mbele, nne nyuma, tano nyuma. Za mwanzo zilikuwa zimelika ncha."

"Hizo tatu ulizipata wapi?"

"Alizileta shemeji, kutoka mjini. Ndani ya maboksi yake."

"Alinunua kwa nani?"

"Sikumuuliza. Mtu akikuletea maji una kiu, unamuuliza kisima cha nani?" Mzee alikohoa kidogo. "Ndiyo maana polisi wanasema nadanganya. Kila duka walilokwenda wameambiwa plagi kama hizi hazipo. Wanasema nimeziokota mimi, namsingizia maiti."

"Na kweli hazipo?"

"Kiwanda kilifungwa kabla hujazaliwa, mwanangu. Nilikuwa na tano za akiba. Ziliisha."

"Ziliishaje?"

"Zilitumika," alisema Fundi, akatazama dirishani.

Juu ya meza, rafuni, palikuwa na daftari jeusi, kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye mfuniko, na chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha. Inspekta aliichukua ile chupa, akaigeuza. Rangi ilikuwa nzito, imelainishwa kwa petroli mara nyingi.

"Na hii?"

"Ya mke wangu. Naitilia alama plagi ikianguka." Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu. "Kuna sheria moja tu kwenye banda hili. Plagi iliyobusu sakafu haiolewi tena na injini. Kwa nje huoni kitu. Ndani, kauri yake, nyeupe kama ya sahani, imepata ufa mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Naipaka nukta, naitumbukiza koponi, naandika kwenye daftari. Basi."

"Mafundi wengine huzivunja kwa nyundo, ili mtu asije akazitumia."

"Mafundi wengine." Tabasamu lilizimika. "Hazitengenezwi tena hizi. Mzee wako akivunjika mguu, utamchukulia nyundo?"

Inspekta alitikisa kopo, likalia. Alifungua mfuniko, akachungulia. Plagi mbili zilikuwa zimelala chini, kila moja na nukta yake nyekundu.

"Huwa unalifungua?"

"La nini? Kaburi hufunguliwa?"

Alirudisha mfuniko. Aliandika hati ya kuchukua plagi kumi na nane na daftari moja, akasaini, akamsogezea mzee kalamu. Mzee aliiangalia kalamu kwa muda. Kisha akasema miwani yake imevunjika, kama angeruhusiwa kuweka dole gumba. Inspekta alimpa wino.

*

Mtaa wa vipuri ulianza kwenye kona ya gereji na kuishia kwenye ukuta mtupu. Polisi walikuwa wameshaupita wote, duka kwa duka, wakiuliza swali moja: nani aliuza? Inspekta aliupita akiuliza lingine: hii ni nini?

Muuza vipuri wa kwanza, kijana mwenye penseli sikioni, aliipokea plagi akaipima uzito kiganjani.

"Dada, hii ni ya trekta la babu yako?"

"Ya ndege."

"Ndege? Basi ni kuku wa kienyeji huyo, mifupa mizito!" Aliigeuza, akaona haina kichwa cha kuvalisha waya kama za magari, bali shingo ndefu ya chuma yenye nyuzi za kufungia. Utani ukamwisha. "Hii siijui. Asiyejua hauzi. Nenda mwisho kabisa, mlango wa kijani. Kwa Bibi Nati. Alikuwa mtunza stoo ya ndege enzi hizo. Lakini ongea taratibu, hajazoea watu."

"Polisi walikwenda kwake?"

"Walikwenda. Alifunga mlango. Akawaambia yeye ni mgonjwa."

Mlango wa kijani ulifunguka kidogo, kisha zaidi, baada ya plagi kuonyeshwa kwenye upenyo. Chumba kilikuwa chembamba, na kuta zake zote zilikuwa droo, kutoka sakafuni mpaka darini, kila droo na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono. Ndani palikuwa na stuli mbili. Mwanamke aliyesimama kati yake alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kilemba, na shingoni nati moja ya shaba kwenye uzi.

"Wewe si mnunuzi," alisema Bibi Nati.

"Shikamoo, bibi. Ni Inspekta wa ajali."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Au mwingine kama wewe." Alibadilisha miwani, akaipeleka plagi dirishani. "Namba inaishia na nane."

"Kitabu cha kiwanda kinasema saba."

"Nane ni saba aliyebadilishwa jina. Kiwanda kilibadili namba, plagi ni ileile: urefu uleule, joto lilelile." Alivuta droo ya tatu kutoka juu bila kutazama, akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Huu hapa waraka. Meneja wenu hajawahi kuuona kwa sababu hajawahi kuutafuta."

Inspekta aliusoma waraka mpaka mwisho, akaupiga picha. Kwa hiyo kosa la namba halikuwepo. Hoja nzima ya Meneja ilikuwa imekufa kati ya saba na nane. Lakini ndege ilikuwa imeanguka vilevile.

"Unayo moja nzima, nilinganishe?"

Bibi Nati alisita, akafungua droo ya chini kabisa. Plagi ilitoka ndani ya karatasi ya mafuta, inameta kama iliyozaliwa leo. "Hii siuzi. Nakaa nayo tu."

"Umewahi kuuza nyingine, bibi? Mwaka huu? Tatu?"

"Sijauza plagi ya ndege tangu nilipokuwa na meno yote."

Jibu lilikuja haraka. Inspekta aliliandika lilivyo, na pembeni yake akaweka alama ndogo. Alizungusha macho chumbani. Pembeni, chini ya kitambaa, palikuwa na kitu cha ukubwa wa cherehani.

"Ile ni mashine ya kupimia?"

"Ya zamani."

"Inafanya kazi?"

Bibi Nati alishika nati ya shingoni. "Inafanya."

Kitambaa kiliondolewa. Vumbi lilikuwa limeingia hata chini yake, likatanda juu ya chuma, juu ya pampu ya mkono, juu ya kidirisha cha kioo ambacho ndani yake cheche huonekana. Bibi Nati alifunga plagi yake nzima mahali pake, akageuza mpini, cheche ya buluu ikaruka.

"Sasa angalia. Katika hewa ya kawaida hata mbovu huwaka. Plagi ni kama mtu, muone akibanwa." Alipampu. Sindano ya kipimo cha upepo ilipanda. Cheche ilibaki palepale, nyembamba, buluu, haitikisiki.

Walipima zote. Inspekta alikuwa akiitoa kila moja kwenye trei, anataja namba, anaandika, anairudisha. Moja mbele, inashika. Moja nyuma, inashika. Jua lilihama kutoka droo moja hadi nyingine. Nje mtu alikuwa anapiga bati, kila pigo lake linafika mle ndani limechoka.

Nne mbele iliwaka vizuri. Bibi Nati alipampu. Cheche ikatikisika, ikapauka, ikatoweka.

"Tena," alisema Inspekta.

Ikawaka, ikabanwa, ikafa.

Nne nyuma, vilevile. Tano mbele ilishika. Tano nyuma ikafa. Na kuanzia sita hadi tisa zote zilishika.

Inspekta aliweka zile tatu peke yake juu ya kitambaa. Fundi alikuwa amezitaja asubuhi, hizo hizo, kwa mpangilio huo huo. Silinda ya nne ilikuwa imekosa plagi zote mbili, hivyo ikafa kabisa. Ya tano ilibaki na moja. Injini ikiwa baridi zilishika. Ilipopata moto na mzigo wa tangi lililojaa, zikazimika, na miti iko mbele.

Aliomba lenzi. Aliipitisha juu ya plagi ya kwanza uzi kwa uzi, kuanzia ncha hadi kwenye ukosi wa chuma. Hapo, ndani kabisa ya mfuo mwembamba uliochongwa kuizunguka, palikuwa na kijichembe chekundu, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Kwenye ya pili kilikuwepo. Kwenye ya tatu pia.

Alifungua daftari jeusi. Mwandiko wa Fundi ulianza ukiwa umenyooka kurasa za mwanzo, kisha ukaanza kulala, kisha ukaanza kurukaruka kama umeandikwa juu ya gari linalotembea. Alitafuta neno moja. *Imeanguka, silinda ya pili. Imeanguka, silinda ya saba. Imeanguka. Imeanguka.* Kwa miaka mitatu ya kwanza, hakuna hata moja. Kwa mwaka huu wa mwisho, tano. Na katikati yake, mara tatu, yaliandikwa maneno haya: *Nimeomba mashine ya kupimia. Sijajibiwa.*

Tano zilikuwa zimeanguka. Koponi alikuwa amekuta mbili.

Hazikuwahi kununuliwa mjini. Zilikuwa zimetoka kwenye kopo la Fundi, zikaoshwa, zikarudi kwa Fundi.

"Bibi," alisema Inspekta, "mashine hii ina vumbi la miaka mingapi?"

"Mingi."

"Na mpira huu hapa, unaozuia upepo usitoke. Ni mpya. Hauna hata alama ya kidole."

Bibi Nati alikuwa anafunga plagi yake kwenye karatasi ya mafuta. Aliikunja kona moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hujauza plagi ya ndege tangu ulipokuwa na meno yote. Ni nani anayetengeneza mashine ya wateja wasiokuja? Umeuweka lini mpira huu?"

"Siku ile niliposikia redioni," alisema Bibi Nati. Alikaa kwenye stuli. "Niliuweka usiku uleule. Kama vile ungemfaa mtu."

Inspekta alikaa kwenye stuli ya pili.

"Alikaa hapo hapo ulipokaa," bibi alisema. "Rubani. Alikuja na plagi tatu kwenye leso. Aliniomba nimuuzie tatu nzima, nikamwambia ninayo moja, nayo simpi mtu. Moja! Sikumpa hata hiyo. Akasema basi nimsaidie kupima hizi. Mpira wa mashine ulikuwa umeoza, upepo haushiki. Nikazipima hivihivi, hewani. Zikawaka zote. Nikamwambia, 'Zinawaka.'"

"Ulimwambia mashine ni mbovu?"

"Niliona aibu." Bibi Nati alivua miwani ya machoni, akabaki na ya kilemba. "Miaka thelathini mimi ndiye niliyekuwa najua kila kitu. Mtu anaingia, wa kwanza baada ya miaka, anakuuliza kitu unachokijua. Utamwambia chombo chako kimeoza? Nilimwambia zinawaka. Na kweli ziliwaka."

"Alisema zilitoka wapi?"

"Hakuficha. Alizisafisha hapo, kwa pamba na petroli, huku anacheka. Akasema, 'Bibi, hii ni rangi ya kucha ya dada yangu. Shemeji bado anaitunza.' Akasema mikono ya shemeji yake imeanza kucheza. Anaangusha vitu. Za akiba zimekwisha na mzee ameshaanza kusema plagi zikiisha naye kazi imekwisha. Nikamuuliza, sasa si umwache apumzike? Akaniangalia." Bibi alitafuta maneno yenyewe. "Akasema, 'Shemeji hana mtu mwingine. Ana mimi na ile injini.' Akasema mzee anaiogopa sakafu kupita kiasi, plagi zikiwaka zinawaka. Akaniomba na maboksi matupu matatu. Nikampa."

Inspekta aliandika.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Bibi Nati. "Lakini hapa maradhi yalikuwa ya mmoja, mfichaji mwingine, na kifo kikakosea mlango."

"Utayasema haya mahakamani?"

"Kesho?"

"Kesho, saa tatu."

Bibi Nati alitazama droo zake, ukuta baada ya ukuta. "Sijatoka nje ya mtaa huu mwaka wa tatu," alisema. "Nitatafuta viatu."

*

Fundi alikuwa amekaa pale alipomwacha. Chai yake ilikuwa imepoa, nusu ya nusu. Inspekta aliweka mezani daftari jeusi na zile plagi tatu, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, kisha akateremsha kopo kutoka rafuni, akalifungua na kulimimina. Mbili zilibingirika, zikasimama.

"Hapa ziliingia ngapi, Fundi?"

"Tano."

Mzee alitazama zile mbili. Akatazama mifuko mitatu. Inspekta alimpa lenzi, na ili kuishika ilibidi atoe mkono mfukoni. Mkono ulitoka ukitetemeka kama jani ambalo upepo wake hauonekani. Lenzi iligonga meza, ikagonga plagi, ikagonga meza tena. Inspekta hakumsaidia, wala hakuangalia pembeni. Hatimaye mzee aliegemeza kiwiko, akainama, akatulia.

Alisogeza mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu chini ya lenzi.

"Rangi yake," alisema.

"Ndiyo."

"Nilizipapasa kwa vidole nilipozifunga. Zilikuwa safi. Vidole havioni rangi." Aliiweka lenzi chini. "Alijua kuhusu mikono?"

"Alijua."

"Nilikuwa namficha. Chai namwambia nusu inatosha, yeye ananijazia nusu, hasemi kitu." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu cha kufutwa. "Andika ni mimi."

"Siwezi, Fundi."

"Mimi ndiye niliyeziangusha. Mimi ndiye niliyezionea huruma nisizivunje. Uongo uko wapi? Aliyekufa hana kazi na lawama. Mwache alale msafi."

"Nikiandika ni wewe, kesho unafungwa."

"Na nisipofungwa?" Mzee aliinua kidevu kuonyesha kitanda, ndoo, taa, vikombe viwili. "Tofauti yake nini? Kule angalau kuna watu."

Bati la paa, lililokuwa sasa linapoa, lililia mara moja. Inspekta alifungua daftari lake mwenyewe, si lile jeusi.

"Ripoti yangu itasema namba ya plagi ilikuwa sahihi. Itasema kufungwa kulikuwa sahihi, na kwamba tatu zilitolewa koponi bila wewe kujua. Itasema uliomba mashine ya kupimia mara tatu, na nani hakukujibu. Kesho nitaomba usimame kama shahidi."

"Shahidi wa nani?"

"Wa shemeji yako. Kuna watu watamwita mzembe. Hakuwa mzembe, alikwenda kupima. Wa kuyasema hayo ni wewe na bibi mmoja."

"Alisema nini huko alikokwenda?"

Inspekta alimsomea mstari ulivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. *Shemeji hana mtu mwingine. Ana mimi na ile injini.*

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa kipimo na kukuta ni sawa na alichopima. Kisha alisimama, akazunguka meza, akarudi na nyundo.

"Hizo tatu ni za hakimu," alisema. "Hizi mbili ni zangu."

Aliiweka ya kwanza juu ya fuawe, lile chuma zito la kugongea vitu. Alipiga, akakosa, nyundo ikatoa cheche kwenye chuma kitupu. Alipiga tena, plagi ikaruka ikaanguka sakafuni, ikabingiria mpaka miguuni kwa Inspekta.

Inspekta aliiokota. Alichukua koleo lililokuwa linaning'inia ukutani, akaibana plagi, akaishikilia juu ya fuawe, uso ameugeuza kidogo pembeni.

"Usiogope," alisema Fundi.

"Siogopi. Piga."

Alipiga. Kauri ilipasuka, nyeupe kabisa ndani. Ya pili ilihitaji mapigo manne, na katika la tatu nyundo iligusa koleo likamtikisa Inspekta mpaka begani. Hakuachia.

Ilipokwisha, mzee alirudisha mikono mfukoni, akaitoa tena, akaiweka wazi juu ya meza itetemeke inavyotaka. Alisukuma daftari jeusi kwa kiwiko.

"Niandikie, mwanangu."

Inspekta alifungua ukurasa wa mwisho. Chini ya mwandiko unaorukaruka aliandika kwa wake ulionyooka: *Zimevunjwa, mbili. Zilizobaki koponi, hakuna.*

"Tarehe umeweka?"

"Nimeweka."

"Basi," alisema Fundi. Alitazama vikombe viwili ukutani. Kisha akaenda, akakitungua kile chenye vumbi, akaanza kukiosha kwa ajili ya mgeni wake.